Nafaka, Miungu na Farao: Misri ya Kale Ilivyojiendesha

Dola ya Misri ya kale ilisimama juu ya ukanda mwembamba wa ardhi nyeusi ambayo mto Nile uliitandaza katikati ya jangwa. Kutoka Aswan hadi Bahari ya Mediterania ni takriban kilomita 1,200 kwa kufuata mto, lakini mahali pengi upana wa bonde ni mwendo wa saa chache tu kwa miguu. Mvua karibu haikuwepo. Kilichowalisha watu ni mafuriko ya kila mwaka yaliyoanza mwezi Julai, yakiletwa na mvua za nyanda za juu za Ethiopia kupitia Nile ya Buluu na mto Atbara, huku Nile Nyeupe, itokayo Ziwa Viktoria na maziwa jirani, ikihakikisha kwamba mto haukauki wakati wa kiangazi. Maji yalipojaa, mashamba yaligeuka ziwa. Yalipopwa, mwezi Oktoba na Novemba, yaliacha tope lenye rutuba, na humo mkulima akapanda ngano, shayiri na kitani. Mwaka wa Wamisri ulifuata mwendo huo huo: majira matatu ya miezi minne minne, yaani mafuriko, kuota kwa mimea na mavuno, kila mwezi ukiwa na siku 30, na siku tano za nyongeza zikikamilisha 365.

Neema hiyo ilikuja na kitisho chake. Mafuriko ya kadiri yalileta ziada, mafuriko haba yalileta njaa, na yaliyopita kiasi yalibomoa kingo na kuzoa vijiji. Jamii iliyotegemea tukio moja tu katika mwaka mzima ililazimika kuweka akiba, kuipima, kuilinda na kuigawa. Humo ndimo ilimozaliwa serikali ya Misri, na humo ndimo dini yake ilimochota sehemu kubwa ya maana yake. Ni desturi ya vitabu kuitenga jamii, dini na serikali katika sura tatu. Wamisri wenyewe wasingeutambua mgawanyo huo. Farao alikuwa mwenye maghala na kuhani wa kwanza kwa wakati mmoja. Hekalu lilikuwa nyumba ya mungu na pia bohari ya nafaka. Karani aliyehesabu magunia uwanjani aliamini kwamba yupo mungu, Thoth, anayeandika hesabu za wafu kwa kalamu kama yake. Uhalali wa mpango huo wote ulipimwa kwa jambo moja: je, nafaka iliyokusanywa kwa jina la miungu na mfalme iliwarudia watu?

Nchi iliunganishwa karibu mwaka 3100 KK, wafalme wa Misri ya Juu, yaani bonde la kusini, walipoitwaa Misri ya Chini, yaani delta ya kaskazini. Bamba la jiwe la mfalme Narmer, lililofukuliwa Hierakonpolis mwishoni mwa karne ya 19, linamwonyesha upande mmoja amevaa taji jeupe la kusini na upande wa pili taji jekundu la kaskazini. Kwa miaka 3,000 iliyofuata wafalme waliendelea kujiita mabwana wa Nchi Mbili. Hawakusahau kamwe kwamba kilichoshonwa kinaweza kufumuka. Makao makuu yalijengwa Memphis, mahali bonde linapokutana na delta, ambapo kila chombo kilichopita mtoni kilionekana. Baadaye sana, katika karne ya 3 KK, kuhani Manetho aliandika historia ya nchi yake kwa Kigiriki na kuwapanga wafalme katika nasaba 30, mpango ambao wanahistoria wanaufuata hadi leo, wakizipanga enzi za nguvu katika Ufalme wa Kale, Ufalme wa Kati na Ufalme Mpya.

Madai ya farao yalikuwa makubwa. Akiwa hai alikuwa Horus, mungu mwewe. Alikuwa pia mwana wa Ra, mungu jua. Na akifa akawa Osiris. Kisa cha Osiris kilibeba kazi ambayo mataifa mengine huiachia katiba. Osiris, mfalme mwema, aliuawa na nduguye Set. Mkewe Isis akautafuta mwili wake, akampata mtoto, Horus, akamlea mafichoni, na mtoto huyo alipokua akadai kiti cha baba yake mbele ya baraza la miungu. Set alikuwa na nguvu kuliko mpwa wake, lakini kesi iliamuliwa kwa haki ya mirathi. Katika simulizi hiyo moja mnajibiwa maswali mazito ya siasa: nani arithi, kwa nini nguvu peke yake haitoshi, na wapi ugomvi wa wakubwa umalizwe.

Juu ya mfalme na hata juu ya miungu ilikuwepo maat, yaani haki, ukweli na utaratibu wa ulimwengu, uliochorwa kwa sura ya mungu wa kike mwenye unyoya kichwani. Kwenye kuta za mahekalu mfalme anaonekana akiwatolea miungu kinyago kidogo cha Maat, maana hiyo ndiyo sadaka iliyozibeba sadaka nyingine zote. Jua kuchomoza, mto kujaa kwa wakati wake, mjane kusikilizwa mahakamani, mpaka wa shamba kutosogezwa usiku: kwa Mmisri hayo yote yalikuwa jambo moja, na aliyewajibika kuyalinda ni farao. Fundisho hilo lilimpandisha mfalme juu sana, lakini pia lilimfunga. Mfalme ambaye katika enzi yake watu walishinda njaa alikuwa amepungukiwa mbele ya miungu, si mbele ya raia peke yao.

Kwa vitendo, kazi hiyo ilifanywa na makarani. Chini ya mfalme alikaa waziri mkuu. Katika Ufalme Mpya walikuwa wawili, mmoja wa kusini na mmoja wa kaskazini. Kaburi la Rekhmire, waziri mkuu wa Thutmose III katika karne ya 15 KK, lina maandishi marefu yanayoeleza wajibu wa cheo hicho: kuonana na mfalme kila siku, kupokea taarifa za hazina, kufunga na kufungua milango ya ofisi za serikali kwa mhuri, kutuma watu wa kusimamia mifereji, kusikiliza malalamiko ya kila mwenye dai. Yamo pia maonyo aliyopewa siku ya kutawazwa, na moja linastahili kukumbukwa. Alitajiwa waziri wa zamani aitwaye Khety, ambaye kwa kuogopa kuambiwa anapendelea jamaa zake aliwanyima haki yao hata walipostahili, na mfalme akasema huko nako ni kupotoka. Serikali inayofikiri kwa undani kiasi hicho juu ya upendeleo imekwisha kuuonja mara nyingi.

Nchi iligawanywa katika mikoa ambayo hatimaye ilifikia 42, ishirini na miwili kusini na ishirini kaskazini. Kodi ilitozwa kwa nafaka, mifugo, kitani na kazi, kwa sababu sarafu hazikutumika karibu katika historia yote ya mafarao. Thamani ya vitu ilihesabiwa kwa uzito wa shaba. Katika Ufalme wa Kale hesabu ya ng'ombe ilifanywa kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, na miaka ya utawala ilitajwa kwa kufuata hesabu hizo. Kimo cha mafuriko kilipimwa na kuandikwa, kwa kuwa kimo hicho kiliashiria mavuno, na mavuno yaliamua kodi. Aliyeijua kalamu ndiye aliyeushika mfumo huo. Inakadiriwa kwamba pengine mtu mmoja katika mia alijua kusoma na kuandika. Vijana wa shule za ukarani walinakili maandishi yaliyosifu kazi yao na kuwadunisha mfinyanzi, mfumaji na mkulima. Si maandishi ya kupendeza, kwa maana walioyatunga walilishwa na hao hao waliowadharau.

Uwezo wa dola hiyo unaonekana Giza. Piramidi ya Khufu, iliyojengwa karibu mwaka 2560 KK, ilikuwa na urefu wa mita 146 hivi. Herodotus, Mgiriki aliyezuru nchi miaka 2,000 baadaye, aliandika kwamba watu 100,000 waliifanya kazi hiyo kwa zamu, na kutokana naye ikaenea picha ya watumwa wanaopigwa mijeledi. Uchimbuzi wa miaka ya karibuni umeibomoa picha hiyo. Kando ya piramidi umefukuliwa mji wa wafanyakazi wenye tanuri za mikate na mifupa mingi ya ng'ombe, kondoo na mbuzi waliochinjwa. Makaburi yao wenyewe yako karibu na la mfalme, na katika mifupa yao imeonekana mivunjiko iliyofungwa vizuri hadi ikaunga. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, ilipatikana mikunjo ya mafunjo yenye maandishi, ya zamani kuliko yote yanayojulikana. Kati yake imo daftari ya msimamizi aitwaye Merer, aliyeandika siku kwa siku jinsi kikosi chake kilivyosafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza, na jinsi chakula chao kilivyoletwa. Piramidi, ukiitazama kwa macho ya Merer, ni safari za mashua, mikate na bia, na hesabu.

Hata hivyo ingekuwa makosa kuruka kutoka kwenye mijeledi hadi kwenye furaha. Kazi za mfalme zilikuwa za lazima. Kijana aliyeitwa kuchimba mfereji au kuvuta jiwe hakuulizwa kama anataka, na waliotoroka waliandamwa. Hati ya mafunjo iliyohifadhiwa Brooklyn, kutoka mwishoni mwa Ufalme wa Kati, ina orodha ya watoro wa aina hiyo, na jamaa zao walishikiliwa mpaka mhusika apatikane. Watumwa nao walikuwepo, hasa mateka wa vita kutoka Nubia na Syria. Ahmose mwana wa Ebana, askari aliyepigana vita vya kuanzisha Ufalme Mpya, alijivunia kaburini mwake mateka aliopewa na mfalme kuwa zawadi, na majina yao akayaorodhesha. Mkulima wa kawaida alikuwa katikati: si mtumwa, na si huru kwa namna ambayo neno hilo linaeleweka leo. Alilima ardhi ya mfalme, ya hekalu au ya bwana mkubwa, akatoa sehemu ya mavuno, akaishi na kilichobaki.

Ufalme wa Kale ulianguka karibu mwaka 2180 KK. Magavana wa mikoa walikuwa wamegeuza vyeo vyao kuwa urithi wa nyumba zao, na mafuriko haba yaliyoandamana yakaikuta serikali ya Memphis ikiwa dhaifu. Mengi yanafunzwa na namna watawala wa mikoa walivyojisifu kipindi hicho. Ankhtifi, aliyetawala eneo la kusini mwa Thebes, hakujigamba kaburini mwake kwa ushindi wa vita peke yake: alijigamba kwamba watu wa mahali pengine walikufa njaa, lakini wake aliwalisha. Kile alichokuwa akikidai farao sasa kilidaiwa na gavana, na kwa hoja ile ile ya ghala. Mentuhotep II wa Thebes alipoiunganisha tena nchi karibu mwaka 2050 KK, alilazimika yeye na warithi wake kuthibitisha upya kwamba mfalme ndiye mlinzi wa wanyonge. Fasihi ya Ufalme wa Kati imejaa hoja hiyo. Kisa mashuhuri zaidi ni cha mkulima mwenye ufasaha: mtu wa kawaida aliyenyang'anywa punda na bidhaa zake anamlalamikia afisa mkubwa mara tisa, kwa maneno makali, juu ya maana ya maat, hadi anarudishiwa haki yake. Kwamba kisa hicho kilisomwa na kunakiliwa na makarani wenyewe, watu ambao mkulima huyo angewashitaki, ni jambo la heshima kwa utamaduni huo.

Dini iliyoshikilia haya yote haikuwa na kitabu kimoja, wala mwanzilishi, wala imani moja ya kukiri. Kila mji ulikuwa na mungu wake: Ptah wa Memphis, Ra wa Heliopolis, Amun wa Thebes, Hathor wa Dendera, Khnum wa Elephantine aliyelinda chemchemi za mafuriko. Mji ulipopanda, mungu wake alipanda nao. Amun, aliyekuwa mdogo, aliunganishwa na jua na kuwa Amun-Ra, mfalme wa miungu, baada ya Thebes kuitawala nchi. Miungu hawakushindana mpaka mmoja amfute mwingine. Waliungana, wakaoana, wakagawana kazi.

Hekalu halikuwa mahali pa kusanyiko. Ndani kabisa, gizani, ilikaa sanamu ya mungu. Kila alfajiri kuhani alivunja lakiri ya mlango, akaiosha sanamu, akaipaka mafuta, akaivika kitani safi na kuiandalia chakula. Kwa nadharia aliyefanya hayo ni farao, na ndiye pekee anayechorwa ukutani. Makuhani walikuwa wakimwakilisha. Mungu akishashiba harufu, chakula kilihamishwa kwenye madhabahu nyingine na mwishowe kikagawanywa kwa makuhani na watumishi kama posho yao. Hapo ibada na mshahara ni kitendo kimoja. Makuhani wengi wa ngazi ya chini walihudumu kwa zamu, mwezi mmoja katika minne, kisha wakarudi kwenye mashamba na karakana zao, kwa hiyo hekalu lilikuwa na mizizi katika nyumba nyingi. Raia wa kawaida alimwona mungu siku za sikukuu. Katika sherehe ya Opet, Amun alitoka Karnak kwenda Luxor akiwa ndani ya mashua takatifu mabegani mwa makuhani, na njiani watu walimwuliza maswali. Mashua ikisogea mbele ni ndiyo, ikirudi nyuma ni siyo. Wezi walitajwa kwa njia hiyo, na ugomvi wa nyumba ukaamuliwa.

Nyumbani dini ilikuwa ya karibu zaidi. Bes, mungu kibeti mwenye sura ya kutisha, na Taweret, mwenye umbo la kiboko, walimlinda mama anayejifungua. Watu waliwaandikia barua marehemu wao, wakiwaomba msaada au kuwauliza kwa nini wanawasumbua. Kifo kilikuwa safari iliyohitaji matayarisho: mwili uliondolewa viungo vya ndani, ukakaushwa kwa magadi, ukapakwa mafuta na kufungwa kitani, shughuli iliyochukua siku 70 kwa walioweza kuilipia. Maandishi ya kumwongoza maiti yalikuwa mwanzoni ya mfalme peke yake, yakichongwa ndani ya piramidi kuanzia ile ya Unas, mwishoni mwa nasaba ya 5. Katika Ufalme wa Kati yakaonekana kwenye majeneza ya matajiri, na katika Ufalme Mpya yeyote mwenye uwezo alinunua mafunjo ya Kitabu cha Wafu, jina lake likijazwa kwenye nafasi iliyoachwa wazi. Mambo hayo ya kaburini yana siasa ndani yake, kwani karne kwa karne haki ya kuishi baada ya kufa ilishuka kutoka ikulu kuelekea mitaani. Na hukumu yenyewe haikumtazama mtu kwa cheo. Moyo uliwekwa kwenye mizani ukapimwa dhidi ya unyoya wa Maat, mbele ya Osiris na waamuzi 42, huku marehemu akikana kwamba aliiba, alidanganya vipimo au alimnyima mtu chakula.

Katika ndoa na mali mwanamke wa Misri alikuwa na nafasi ambayo wanawake wa Athens hawakuwa nayo. Aliweza kumiliki ardhi, kuiuza, kushitaki, kutoa ushahidi, kudai talaka na kuacha wosia kwa jina lake. Karibu mwaka 1140 KK mama mmoja, Naunakhte, alifika mbele ya baraza la kijiji chake na kutangaza kwamba kati ya watoto wake wanane, wale waliomtupa uzeeni hawatarithi mali yake. Baraza likauandika wosia huo na kuutekeleza. Vyeo vya serikali, hata hivyo, vilibaki karibu vyote mikononi mwa wanaume, na mwanamke aliyefika kileleni kabisa ilimbidi avae sura ya kiume. Hatshepsut alitawala kwa takriban miaka ishirini akichorwa na ndevu za kifalme. Kwenye kuta za hekalu lake Deir el-Bahari aliacha picha za msafara wake wa kwenda Punt, nchi iliyokuwa kusini mwa Bahari ya Shamu, na kutoka huko mabaharia wake walirudi na miti hai ya manemane, dhahabu, ngozi na nyani.

Kijiji cha Naunakhte, Deir el-Medina, ndicho kinachotuonyesha Misri kutoka chini. Kilikuwa na nyumba zipatazo 70, kikikaliwa na mafundi waliochimba na kuchora makaburi ya wafalme katika bonde la jirani, na kwa kuwa wengi wao walijua kuandika kuliko wakulima, waliacha maelfu ya vigae na vipande vya mawe vyenye barua, hesabu, kesi na mashairi. Orodha moja ya mahudhurio kutoka mwaka wa 40 wa Ramesses II inataja sababu za watu kutofika kazini: huyu ameumwa na nge, yule anapika bia, mwingine anamzika ndugu yake, mwingine mkewe au bintiye yuko katika siku zake. Fundi aitwaye Menna alimdai mkuu wa walinzi malipo ya chungu cha mafuta kwa zaidi ya miaka kumi, akimpeleka mahakamani tena na tena. Baraza la kijiji liliundwa na wasimamizi, karani na mafundi wenyewe. Kesi ikilishinda, ilipelekwa kwa mfalme Amenhotep I, aliyekwisha kufa zamani na kufanywa mungu wa mahali hapo, ambaye sanamu yake ilitoa uamuzi. Hapakuwa na mstari kati ya mahakama na ibada, na wanakijiji hawakuuhitaji.

Malipo yao yalikuwa magunia matano na nusu ya nafaka kwa mwezi, zaidi ya lita 400, yaliyotosha kulisha nyumba kubwa na kubaki ya kubadilishana. Pamoja nayo serikali iliwaletea samaki, mboga, kuni, maji, mafuta na nguo. Watu hawa, wachache na wa thamani, ndio waliokuja kuujaribu mfumo mzima.

Kabla ya hapo mfumo ulijaribiwa kutoka juu. Katikati ya karne ya 14 KK Amenhotep IV alijiita Akhenaten, akahamisha makao makuu hadi mji mpya mahali paitwapo leo Amarna, na kumwabudu Aten, yaani diski ya jua, peke yake. Jina la Amun lilichongolewa kwenye kuta nchi nzima. Wengi wamemsifu kwa kukaribia imani ya Mungu mmoja, na wimbo wa Aten kweli ni mzuri. Lakini matokeo kwa watu yalikuwa mazito: sikukuu zilikatika, mali za mahekalu zikaelekezwa kwingine, na njia ya kumfikia mungu ikapita kwa mfalme na familia yake tu. Mifupa ya raia waliozikwa Amarna inaonyesha lishe duni, kazi za kuvunja mgongo na vifo vya mapema. Ndani ya nyumba zao zimekutwa hirizi za Bes na Taweret, kwa hiyo hawakuiacha miungu yao hata chini ya macho ya farao. Baada ya kifo chake Tutankhamun, anayeaminiwa kuwa mwanawe, alirudisha ibada ya Amun, na majina ya watawala wa Amarna yakaachwa nje ya orodha za wafalme. Horemheb, aliyefuata muda mfupi baadaye, alitoa amri iliyochongwa Karnak ya kuwaadhibu vikali, hata kwa kukatwa pua na kufukuzwa hadi mpakani, maafisa na askari waliowapora wananchi mashua na ngozi za ng'ombe. Alijua kilichohitaji kutengenezwa.

Mahekalu yaliporudishiwa nguvu, yalizidi. Mafunjo makubwa ya Harris, yaliyoandikwa baada ya kifo cha Ramesses III karibu mwaka 1155 KK, yanaorodhesha mali za mahekalu ya Thebes peke yake: watu zaidi ya 86,000 na mifugo zaidi ya 420,000. Kwa makadirio ya wataalamu, mahekalu kwa pamoja yalishika karibu theluthi ya ardhi yote ya kilimo. Na bado, katika mwaka wa 29 wa mfalme huyo huyo, posho ya Deir el-Medina ilichelewa. Mafundi waliweka zana chini, wakavuka vituo vya walinzi, wakaketi nyuma ya hekalu la Thutmose III, kisha siku zilizofuata wakaenda kwenye hekalu la Ramesses II ambako nafaka ilihifadhiwa. Karani aliyeandika tukio hilo anaeleza dai lao: wana njaa na kiu, hawana nguo, mafuta, samaki wala mboga, na wanataka farao na waziri mkuu wapelekewe habari. Huu ni mgomo wa kwanza wa wafanyakazi ulioandikwa katika historia. Hawakumtukana mfalme, wala hawakuikana miungu. Waliketi mahali ambapo mfalme, mungu na ghala vilikutana, wakadai kilicho chao, na posho ya mwezi uliopita ikatolewa. Miezi iliyofuata ikachelewa tena, nao wakatoka tena.

Baada ya hapo kufumuka kulikwenda haraka. Chini ya Ramesses IX, karibu mwaka 1110 KK, genge la wachonga mawe lilikamatwa kwa kuvunja makaburi ya kifalme. Mmoja wao, Amunpanefer, alikiri kwamba baada ya kukamatwa alimpa karani sehemu yake ya dhahabu, akaachiliwa, akarudi kwa wenzake na kuendelea kuiba. Wakati huo huo kuhani mkuu wa Amun alijichongesha ukutani Karnak akiwa na kimo sawa na cha mfalme, jambo ambalo vizazi vilivyotangulia visingelithubutu. Kufikia mwaka 1070 KK kaskazini ilitawaliwa kutoka Tanis, na kusini na makuhani wa Thebes kwa jina la Amun.

Waliojaribu kuushona tena umoja huo kwa dhati zaidi walitoka kusini. Piye, mfalme wa Kush katika Sudan ya leo, aliteka Misri karibu mwaka 728 KK akijiona mlinzi wa Amun kuliko Wamisri wenyewe. Kwenye jiwe lake la ushindi anaeleza jinsi alivyotawadha na kutoa sadaka hekalu kwa hekalu, na alivyowakatalia watawala wa delta kuingia ikulu kwa sababu hawakutahiriwa na walikula samaki. Mmoja wa warithi wake, Taharqa, alijenga sana Karnak, mpaka Waashuru walipovamia. Waajemi waliiteka nchi mwaka 525 KK, Alexander mwaka 332 KK, na Waptolemaio wa Kigiriki waliomfuata walitawala kwa karibu miaka 300 wakichorwa mahekaluni kama mafarao, kwani walielewa kwamba bila makuhani kodi haikusanyiki.

Kleopatra VII alipokufa mwaka 30 KK, Roma iliifanya Misri kuwa jimbo chini ya liwali, ikayatwaa mashamba ya mahekalu na kuwalipa makuhani ruzuku ndogo. Mafuriko yaliendelea, makarani waliendelea kuhesabu, lakini sehemu kubwa ya nafaka ilishuka mtoni hadi Alexandria na kupakiwa merikebuni kwenda kuwalisha watu wa Roma. Farao aliyechorwa ukutani akitoa Maat sasa alikuwa kaisari wa mbali ambaye huenda hakuwahi kuikanyaga nchi hiyo. Ukristo ulipoenea, mahekalu yalikwisha kupoteza ardhi, posho na sikukuu zilizoyaunganisha na vijiji. Maandishi ya mwisho ya hieroglifu yanayojulikana yalichongwa Philae mwaka 394 BK, na hekalu hilo la Isis, lililobaki wazi kwa ajili ya mahujaji wa kutoka Nubia, lilifungwa kwa amri ya kaisari Justinian katika karne ya 6.